Hedifoni Nzito za Chacha

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Marwa, fundi redio, nyumbani kwake Nyanungu. Nilifika mapema kusaidia jikoni, na mdogo wangu Chacha akafika saa nne akitokea Mugumu, Serengeti, amevaa koti lililomkaza mabegani, ndevu zimeanza kuingia mvi. Wanaume waliokuwa wanapanga viti walimwita kijana, kwa Kikurya, akiwa amewapa mgongo. "Mura! Wewe mura, tusaidie hilo benchi!" Hakugeuka. Wakaita tena, na mmoja wao akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Hao ndio waliotajirikia Serengeti, hawageuki wakiitwa na watu wa huku." Nilikuwa nimeshika mwiko. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiweka chini mwiko, au bisibisi, au chochote nilicho nacho mkononi, nikienda kueleza kwamba huyu ni kiziwi, hana kiburi. Siku hiyo nilichoka. Nilimtazama akisimama mbele ya jeneza la mtu ambaye mwaka mzima alihangaika pamoja nami kumrudishia kitu ambacho hakikuwa mikononi mwetu, nikaona kwamba mwaka ule sasa nimebaki mimi wa kuusimulia. Chacha mwenyewe hapendi kuutaja.

Habari za wazazi wetu nitaziacha. Mwaka ule unaanza mimi nina miaka ishirini, shule niliiacha kidato cha pili, na chini yangu wapo wawili: Chacha, miaka kumi na sita, aliyekuwa kidato kilekile nilichokiacha mimi, na Wankuru, miaka minane. Tulipanga chumba kimoja Turwa, mahali mji wa Tarime unapoishia na mashamba yanapoanza, chumba ambacho ukifungua dirisha la nyuma majani ya mahindi yanaingia ndani. Pazia la kitenge lilikigawa: upande wa mlango jiko la mkaa, ndoo, na meza yangu ya kazi, upande wa pili kitanda na godoro la Chacha lililoviringishwa kila asubuhi. Jioni tulikula ugali wa mtama na muhogo, na chinsaga, ile mboga chungu ambayo ukiilaza kwenye maziwa hata mtoto anaikubali. Chacha ndiye aliyekuwa redio yetu. Akirudi shuleni alituigizia walimu mmoja mmoja, namna wanavyokohoa, namna wanavyoshika chaki, mpaka Wankuru anapaliwa na ugali na mimi nasema basi jamani, mtaniulia mtoto. Ninapokumbuka furaha ya nyumba ile, naikumbuka kwa sauti yake kabla sijaikumbuka kwa sura zetu.

Mwezi wa pili akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilala hospitali wiki tatu, na akarudi amekonda, anatembea akishika ukuta, lakini karudi. Majirani walikuja kunipa mkono kana kwamba mimi ndiye niliyemponya. Asubuhi ya pili nilimpa uji nikamwambia, "Taratibu, wa moto." Alikipeleka kikombe mdomoni moja kwa moja akaungua.

"Si nimekwambia wa moto?"

Akaniangalia huku akijifuta kidevu. "Umesema saa ngapi?"

Tulidhani ni udhaifu. Tukadhani ni nta. Jirani akaleta mafuta ya kutia masikioni, mwingine akasema apewe mchuzi wa kichwa cha mbuzi. Hospitalini waliangalia kwa tochi wakasema masikio ni masafi, homa ya namna ile wakati mwingine inaacha alama, tusubiri. Tulisubiri mwezi. Kisha mkuu wa shule akaniita ofisini, akanikaribisha kiti, na akaongea kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali. Alisema kijana anakaa darasani kama mgeni. Alisema atampa muhula mmoja, ule wa pili, unaoanza Julai. Kama mpaka mwisho wa muhula hawezi kufuata masomo, basi nimtafutie shule ya viziwi, na sote wawili tulijua kwamba iliyokuwa karibu haikuwa karibu, na nafasi zilikuwa zimejaa. Nilitoka pale nikiwa na neno moja tu kichwani: muhula. Nilikuwa nimeapa, bila kumwambia mtu, kwamba katika watatu sisi lazima mmoja avuke pale nilipokwamia mimi. Sikuwa na daktari wala nauli ya kumfuata. Nilichokuwa nacho ni meza ya fundi redio.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Mzee Marwa, nyuma ya soko la Tarime, kwenye kibanda chembamba ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja kuinua mikono juu. Kilinuka risasi ya kuchomelea, vumbi la spika za kanisani na chai ya tangawizi. Nilianza kwa kufagia, nikaendelea kwa kufungua skrubu, na mwaka ule nilikuwa tayari nachomelea mwenyewe, jambo lililowafurahisha sana vijana wa bodaboda waliokuwa wakisimama mlangoni. "Dada Rhobi, nikikuletea moyo wangu utauchomelea?" Mzee Marwa alikuwa akijibu kwa niaba yangu bila kuinua kichwa: "Lete kwanza kichwa, ndicho kilichokatika." Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu majira yote, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuoanisha hedifoni na amplifaya. Watu wa kwaya, waendesha muziki wa harusi, hata vijana wa Kewanja waliopata fedha za mgodi wakataka kusikiliza nyimbo peke yao, wote walikuja kwake, kwa sababu yeye alijua kwamba kununua vitu viwili vizuri si sawa na kupata sauti nzuri.

"Kila hedifoni ina namba yake ya omu," aliniambia. "Hiyo namba ndiyo inakuambia ni ng'ombe wa namna gani. Ng'ombe mdogo ukimfunga jembe la ng'ombe wanne, unamvunja shingo. Ng'ombe mkubwa ukimpa kijembe cha bustani, anatembea tu, hajui kama analima. Kwa hiyo usiniulize hii ni nzuri, ile ni nzuri. Niulize hii na ile zinakwenda pamoja?"

Na akishazifunga pamoja, alizipima kwa njia moja tu. Alikuwa na kaseti aliyoirekodi mwenyewe kwenye sherehe moja Nyanungu, ya mzee mmoja akipiga ritungu, kile kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane ambacho sauti yake haitoki juu, inatoka chini, kama ng'ombe anayeguna zizini. Mteja alivishwa hedifoni, kaseti ikawashwa, na Mzee Marwa akamtazama usoni. Kama nyuzi nene zinavuma kifuani na kila moja inasimama peke yake bila kuparamia mwenzake, basi kazi imekwisha. Hakuna aliyebisha kipimo kile. Wateja wenyewe, wakishavikwa tu, walisema, "Weka ritungu." Mimi nilijifunza hivyo, na sikuwahi kufikiria kwamba kuna sauti duniani ambazo ritungu haina.

Nilipomweleza habari za Chacha, Mzee Marwa alizima chuma chake cha kuchomelea, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa ajili ya maongezi. "Hajafa masikio," alisema. "Angekuwa amekufa masikio asingegeuka lori likipita. Sauti inafika lakini ni ndogo. Sasa sisi kazi yetu ni nini hapa? Kukuza sauti." Nilitaka kulia kwa jinsi lilivyosikika kuwa jambo jepesi. Kesho yake nilimleta Chacha kibandani. Tulianza na hedifoni ndogo za mtaani, namba thelathini na mbili, tukazichomeka kwenye amplifaya ya kanisa iliyokuwa imekuja matengenezo. Nilichosikia mimi kwanza, kabla ya muziki wowote, ni mvumo, shhh, kama mvua kwenye bati. Nilipopandisha kidogo, zikatoa harufu ya nywele zinazoungua, zikanyamaza. "Umemvunja shingo," alisema Mzee Marwa. Tukajaribu nyingine, na nyingine. Wiki mbili zilipita hivyo, Chacha akija kila alasiri na begi lake la shule, akikaa kwenye kreti la soda, akivikwa na kuvuliwa kama mtu anayepimwa kofia dukani.

Zile nzito zililetwa na dalali mmoja wa Sirari, mtu wa upande wa pili wa mpaka, aliyekuwa akituuzia vyombo vilivyotumika. Zilikuwa za chuma, zimefungwa ngozi iliyopasuka, na zilikuwa na uzito wa kilo nzima hivi.

"Madam, hii kitu ni original," alisema. "Ilikuwa ya wale wazee walikuwa wanaongea na meli."

"Meli gani Sirari?" aliuliza Mzee Marwa.

"Mzee, wacha hizo. Angalia namba. Mia sita. Hii ni ng'ombe ya shamba, si ya maonyesho."

Tulizichomeka kwanza kwenye redio ndogo, zikalia kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Kijembe cha bustani. Ndipo Mzee Marwa akakaa siku tatu akijenga amplifaya ndogo ya peke yake kwa ajili yao, inayotumia betri ya pikipiki, na mimi nilichomelea kila kiungo chake. Ilikuwa na ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Alasiri tuliyoiwasha hapakuwa na mvumo wowote ndani yake. Ukimya wake ulikuwa safi kama chumba kilichofagiwa. Nikamvika Chacha. Mzee Marwa akaweka kaseti.

Nimewahi kuona nyuso nyingi zikivikwa hedifoni. Sijaona kama ule. Kwanza alikunja macho. Kisha mabega yake yakaanza kwenda, yale mabega ya ngoma yetu, moja mbele moja nyuma, amekaa palepale kwenye kreti. Akapiga kelele, kwa sababu hakuweza tena kupima sauti yake mwenyewe, "Dada! Uzi mnene! Sasa mwembamba wake! Dada, nasikia vidole vyake!" Watu wakaja kutoka kwenye maduka. Muuza vitunguu akaanza kucheza bila kusikia anachokicheza. Mzee Marwa alivua kofia, akajifuta uso, akaivaa, akavua tena. Na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yao wote nilishika ukingo wa meza nikajiambia kwamba imekwisha, tumevuka. Leo, nikiwa na kibanda changu mwenyewe na wateja wangu mwenyewe, najiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno la kawaida mbele ya maiki siku ile. Tulikuwa na maiki pale mezani. Neno moja tu, jina lake, au njoo ule. Lakini hatukujua kupima hivyo. Tulipima kwa ritungu, ritungu ilisema ndiyo, tukafunga kibanda mapema tukanywa soda.

Madam Ester, mwalimu wake wa darasa, alikubali maiki iwekwe kwenye meza yake, na waya urefushwe mpaka dawati la mbele. Chacha alibeba begi la vitabu mgongoni na begi la betri begani, na hedifoni shingoni kama nira. Wenzake walimwita Mnara, kama ule wa simu. "Mnara, umeshika wapi leo?" "Mnara, tuwekee taarifa ya habari!" Nilisikia hayo mwenyewe siku moja nilipompelekea betri iliyochajiwa, nikiwa nje ya dirisha la darasa, na nikamwona Chacha akicheka pamoja nao, kwa kuchelewa kidogo, baada ya kutazama midomo yao. Nilikuona kule kuchelewa. Nilikuona kwa macho haya, nikakuita aibu.

Kila jioni nilimuuliza vilevile. "Leo umesikia?" Na kila jioni alijibu, "Nimesikia, dada." Nikimuuliza amesikia nini, ananifungulia daftari, na daftari lilikuwa limejaa, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Nilimpa kipande kikubwa cha samaki. Alipolalamika kwamba sauti inafifia, nilipandisha kile kitufe, wiki hii alama moja, wiki ijayo nyingine, mpaka nikavaa zile hedifoni mwenyewe siku moja nikazivua haraka kwa maumivu. Nilimuuliza kama haimuumizi. "Haiumi, dada. Iko sawa." Mtu anayetaka kuamini hahitaji ushahidi mwingi, na mimi nilikuwa na daftari zima.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumamosi, mvua ilituwahi, tukafunga kibanda saa nane. Nilifika nyumbani nimelowa, nikasukuma mlango. Sufuria ilikuwa jikoni. Hedifoni zilikuwa kwenye ungo wa mchele, amplifaya imezimwa na maiki pembeni yake, na upande wa pili wa pazia kulikuwa na ukimya ambao haukuwa wa watu waliolala. Nikasogeza kitenge kidogo. Chacha na Wankuru walikuwa wamekaa kitandani wakitazamana, na walikuwa wanaongea kwa mikono. Haikuwa michezo ya watoto. Wankuru alipitisha kidole shavuni, akakunja ngumi mbili, moja juu ya nyingine, akashika pua, na Chacha akaanguka ubavu kwa kicheko, akajibu kwa mikono yake upesi kuliko nilivyoweza kufuata. Ilikuwa lugha, na ilikuwa na miezi. Nilitambua ishara moja tu: kidole kinachozungusha kitufe kisichokuwepo, kisha uso wa mtu anayesubiri jibu kwa hamu. Hiyo ilikuwa mimi.

Wankuru ndiye aliyeniona kwanza. Akashusha mikono kwenye mapaja.

"Muda gani?" nilimuuliza.

"Dada, yeye hasikii," alisema Wankuru, na aliongea kama mtu anayemwonea huruma mkubwa wake. "Anaangalia mdomo. Madam akigeukia ubao hapati kitu. Daftari anakopi kwa jirani yake wa dawati. Alisema nisikwambie kwa sababu mlichomelea sana."

Nilizichukua hedifoni nikamvika Chacha kwa nguvu. Nikawasha. Nikaenda nyuma yake na maiki, mahali asipoweza kuona mdomo wangu, nikaanza kusoma kutoka kwenye daftari lake la jiografia, polepole, kama mwalimu. Mvua ilikuwa inapiga bati, kwa hiyo nilipandisha. Nilisoma ukurasa mzima. Yeye alikaa na mikono magotini, mgongo umenyooka, mtiifu, akitazama ukuta. Nilipomaliza nikaja mbele yake.

"Sasa? Nimesema nini?"

"Dada," alisema, "nasikia unaongea. Sisikii unachosema."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kibandani. Ritungu niliisikia kweli, sikukudanganya. Nikafikiri na maneno yatakuja. Nikangoja. Na wewe kila jioni unaniuliza." Alizivua akazishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake. "Ningekuambiaje?"

Hatukula vizuri siku hiyo. Chinsaga ilikuwa imeungua chini, tukala ya juu. Muhula ulikuwa umebakiza wiki tano, na mimi, kwa ukaidi ambao watu wengine huusifu na mimi sina hakika nao, sikuacha. Nilirudi kwa Mzee Marwa nikamwambia hazijaendana. Aliumia, alisema hajawahi kuoanisha vizuri hivyo maishani mwake. Lakini alifungua amplifaya tena. Tulibadili kapasita. Tulipunguza besi, tukaongeza trebo mpaka sauti ikawa kali kama bati linalokatwa, na Chacha akasema sasa hasikii hata ritungu. Tulirudisha. Tuliazima hedifoni za mtu wa muziki wa harusi, tukaazima za mwingine. Kila tulipofika mwisho wa jozi moja, tulisema labda jozi nyingine, na wiki zikapungua. Mwishowe Mzee Marwa akasema lile ambalo nilikuwa sitaki kulisikia kwa sababu lilikuwa mwisho wa maarifa yetu: "Kuna mashine ya kupima masikio hospitali kubwa. Twende tukaone wao wameoanisha nini."

Twende, alisema, na kweli alikuja, nauli zetu akalipa yeye, na koti lake la kanisani na kofia yake ya sufu. Mpimaji alikuwa mama mmoja mtaratibu, mwenye miwani. Alimweka Chacha kwenye kichumba chenye kioo, akamvika hedifoni, akamwonyesha kwa vitendo: ukisikia, nyoosha mkono. Sisi alituruhusu kukaa upande wake, karibu na mashine. Kabla hajaanza, Mzee Marwa alikohoa.

"Samahani, mama. Hizo ni omu ngapi?"

Alicheka kidogo, lakini akamjibu kwa heshima. "Mzee, hizi zilipimwa pamoja na mashine hii hii. Haziachani. Nikizichomoa nikaweka nyingine, hata ziwe nzuri namna gani, vipimo vyote vinakuwa vya uongo."

Mzee Marwa akavua kofia. "Basi zimeendana," alisema, kwa sauti ndogo. Nilimsikia akitoa pumzi. Alikuwa amepata alichokuja kukiona, na nadhani palepale alielewa maana yake, kwamba hapakuwa na jozi nyingine ya kujaribu.

Kila mama yule alipobonyeza, kitaa kidogo kiliwaka mezani. Sauti za chini zilikwenda kwanza. Taa, mkono wa Chacha juu. Taa, mkono. Aliunyoosha kwa nguvu, kama mwanafunzi anayejua jibu, na alinitafuta kupitia kioo akatabasamu. Taa, mkono, ukapanda nusu. Halafu taa. Halafu taa. Mama akazungusha kitufe chake, akaongeza. Taa. Chacha alikuwa amekaa na mikono magotini, mgongo umenyooka, mtiifu, akingoja ianze tena.

Mpimaji alituchorea mstari kwenye karatasi. Ulianza vizuri juu, ukaenda kidogo, ukaanguka kama ukingo wa mto. Sauti nene zipo, alisema. Maneno hayakai huko. Maneno yanakaa hapa, kwenye shimo. Aliuliza tulikuwa tunatumia nini, na nilipomweleza ile amplifaya na kile kitufe nilichokuwa nakipandisha, alisema kwamba sauti kubwa namna hiyo kila siku inaweza kuharibu hata usikivu uliobaki. Hakunilaumu. Hakusema mstari ungekuwa umeangukia wapi kama ningekiacha kitufe kile. Sikuuliza siku ile, na hakuna wa kumuuliza tena. Chacha hakurudi shuleni mwezi wa kwanza. Alijifunza useremala, ana karakana Mugumu, ana mke anayemgusa bega watu wakimwita, na ni mtu mzuri kuliko mimi. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja kati ya hayo linalojibu swali la kitufe.

Nilimwomba mama yule nivae zile hedifoni mimi. Nilitaka kusikia kilichokuwa kwenye shimo. Alikubali, akabonyeza moja baada ya nyingine, na zilikuja zote, nyembamba, safi, mpaka zile za mwisho ambazo zilikuwa kama uzi wa fedha unaovutwa masikioni. Kisha Mzee Marwa naye akaomba. Alikaa na macho yamefumbwa, akitikisa kichwa kukubali, moja, mbili, tatu. Halafu akafumbua macho. "Mbona imenyamaza?" Taa ilikuwa inawaka. Nikiwa nimesimama pembeni yake, kupitia ngozi ya zile hedifoni, niliisikia sauti ikilia. Mama yule alimwambia kwa upole kwamba ni umri, wazee wengi ni hivyo. Mzee Marwa alizivua mwenyewe, akaziweka mezani taratibu, akabaki akizitazama. Miaka yote ile, Tarime nzima, tulikuwa tumepimiwa sauti kwa masikio yale na kwa kaseti ile.

Tulitoka tukasimama kwenye korido, karibu na dirisha. Chacha alikuwa na ile karatasi yenye mstari, ameikunja mara mbili.

"Dada," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, watu wakageuka. "Zile ambazo sikunyoosha mkono. Zilikuwa zinalia?"

Mzee Marwa aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, ili mdomo wake usionekane, akaniambia kwa Kikurya, "Mwambie mashine ni mbovu. Mwambie tutarudi."

Nilimshika Chacha mkono nikamsogeza mpaka mwanga wa dirisha ukaniangukia usoni, ili asikose hata herufi.

"Zote zililia," nilisema.

Aliendelea kuutazama mdomo wangu, akingoja kama kuna neno lingine linakuja.